Siku Tano za Dufie

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Pokuaa alikuwa ameshafagia ua, amewasha moto na kuteleka sufuria kubwa ya maji ya kumkanda dada yake. Akitoka hapo alifua nepi za mtoto, akazianika, akakoroga uji, akaoga maji ya baridi kwa kuwa yale ya moto yalikuwa ya mzazi, ndipo akavaa sare yake ya njano na kahawia akakimbilia shule. Miezi mitano nyuma kazi hizo hazikuwa zake. Wakati ule alikuwa kitinda mimba wa Maame Birago, na kitinda mimba wa mama yule hakuwa mtu wa kutelekea watu maji.

Kisha Dufie akarudi nyumbani.

Dufie alikuwa na miaka ishirini na minne. Mume wake, Amponsah, alifundisha shule ya kijijini ng'ambo ya ziwa. Alipojifungua mtoto wa kwanza, Dufie alirudi kwao mjini Nkawkaw, Ghana, kwa mama yake kulelewa, kama afanyavyo kila binti wa pale, na angekaa mpaka mama aridhike kwamba amepata nguvu. Na nguvu alizihitaji kweli. Alijifungua kwa kupasuliwa, akavuja damu nyingi, akaongezewa chupa tatu za damu ya watu asiowajua. Daktari alisema mbele ya mama, na mbele ya Pokuaa aliyekuwa amesimama na beseni mkononi: "Huyu asishike mimba nyingine kabla ya miaka miwili. Kovu lake bado bichi. Likivutwa mapema litafumuka, na safari hiyo tunaweza tusimuwahi."

Siku ile Pokuaa alilia mpaka macho yakavimba. Aliapa atamfulia dada yake nepi hata miaka kumi. Lakini nadhiri ya hospitali ni nyepesi kuiweka, ni nyumbani inakokuwa nzito. Mwezi wa kwanza alifua akiimba, wa pili akafua kimya, na kufika wa tano alikuwa akifua huku akizikamua nepi kana kwamba zimemtukana.

Ungemuuliza nini hasa kilimchoma, angekutajia konokono. Zamani Maame Birago akipika mchuzi wa mawese, konokono wakubwa wawili walikuwa wa Pokuaa, na hakuna aliyehoji. Sasa waliingia bakulini mwa Dufie, pamoja na kichwa cha samaki wa moshi, na Pokuaa alibaki na fufu, bonge lao la muhogo na ndizi za kutwanga, na mchuzi unaomtazama.

"Mama, konokono wangu wako wapi?" aliuliza siku moja.

"Konokono ni wa anayenyonyesha."

"Na mimi je?"

"Wewe unamnyonyesha nani?"

Dufie alicheka, naye hakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kile kilikaa kifuani mwa Pokuaa kama mwiba kwa siku tatu. Kisha likaja la usingizi: kitanda cha mama, alichokizoea tangu utotoni, sasa kililaliwa na mama, Dufie na mtoto, na Pokuaa akapewa mkeka. Likaja na la hereni. Mama alikuwa amemwahidi hereni kwa kuwa wa tatu darasani, Pasaka ikaja ikapita, na kila akikumbusha aliambiwa, "Ngoja kwanza dada yako apone." Kwa maoni ya Pokuaa dada yake alikuwa amepona zamani, na sasa alikuwa anafaidi tu.

Jumamosi moja palikuwa na mazishi makubwa mjini, na Amponsah alikuja kuzika kisha akalala kwao. Desturi ya pale haina mchezo: mzazi akiwa bado mikononi mwa mama yake, halali chumba kimoja na mumewe. Maame Birago alimtandikia mkwewe chumba cha nje, akajifunga kitambaa chake cheusi, akaenda kukesha matangani na wenzake. Jumapili asubuhi Dufie alivaa nguo nyeupe kutoka juu hadi chini, akajipaka poda shingoni, akaenda kanisani kushukuru kwamba ametoka salama. Watu walimshangilia. Huyu alimpa kitenge, yule sabuni, mwingine akamvalisha mtoto kofia. Pokuaa alitembea nyuma akibeba mfuko wa zawadi, na hakuna hata mmoja aliyemwona aliyeubeba.

"Kitinda mimba amepinduliwa," rafiki yake Konadu alimnong'oneza mlangoni pa kanisa. "Sasa wewe ni punda wa mfalme."

"Nyamaza, Konadu."

"Mimi nimesema nini? Mfuko ndio unaosema."

Jumatatu Pokuaa aliporudi kutoka shule, Dufie alimwita uani, akatazama mlango wa jiko alikokuwa mama, akamtia mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nenda kwa Anti Gyamfua pale dukani. Mpe hii, atakupa kitu. Niletee mimi, mkononi. Mama asione."

"Kitu gani?"

"Kitu changu. Nenda basi, mdogo wangu, kimbia."

Anti Gyamfua alikuwa na duka la dawa karibu na stendi, na katika kabati lake moja aliuza poda, manukato na mapambo ya akina mama. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, na sauti yake ilikuwa ya kuuza dawa ya minyoo hadi barabara ya pili. Aliisoma karatasi, akaangalia juu ya miwani, akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa na kisanduku kidogo chekundu cha hereni, kile chenye kifuniko cha kubana, amekifunga uzi.

"Mpe leo hii," alisema. "Usipitie popote. Umesikia?"

Pokuaa alisikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kisanduku. Njiani alikitikisa. Kitu chepesi kiligonga ndani. Hereni. Aliyeahidiwa hereni ni nani, na anayepelekewa hereni kwa siri ni nani? Hata Anti Gyamfua, aliyemshika yeye siku ya kubatizwa, naye amehamia upande wa Dufie. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakamwaka, na alipofika kwenye kona ya nyumbani tayari alikuwa ameshajipa haki. Alikitumbukiza kisanduku ndani ya kiatu chake cha mvua chini ya mkeka wa kuanikia mahindi, kisha akaenda uani na mikono mitupu.

"Anti hayupo," alisema. "Kaenda Kumasi kuchukua mzigo. Wanasema mpaka Alhamisi."

Dufie alikaa chini taratibu kwenye kigoda. "Alhamisi?"

"Ndivyo wanavyosema."

Basi na niseme sasa, maana Pokuaa hakujua na wewe msomaji ni vizuri ujue: ndani ya kisanduku hamkuwa na hereni. Mlikuwa na kidonge kimoja. Usiku ule mama alipokesha matangani, Dufie na mumewe walikuwa pamoja kama mke na mume, na hawakuwa wametumia kinga yoyote. Mtoto alikuwa ameshaanza uji, damu ya mwezi ya Dufie ilikuwa imerudi, na sindano ya uzazi wa mpango hakuwa amechomwa kwa sababu Maame Birago alimwambia anayenyonyesha hashiki mimba. Kidonge kile ni cha dharura, na kilitakiwa kumezwa mapema, kila saa ikipita nguvu yake ikipungua. Dufie alikuwa anakisubiri kama mtu anayesubiri kamba akiwa kisimani. Na kamba ilikuwa ndani ya kiatu cha mvua.

Jumanne Dufie hakula. Alimrudia Pokuaa mara mbili, machozi yakimlengalenga: "Una hakika hayupo? Ulimwuliza nani?" Na mara mbili Pokuaa akasema uongo, wa pili ukiwa rahisi kuliko wa kwanza. Amponsah alikuwa ameshavuka ziwa kurudi shuleni kwake; yeye mwenyewe Dufie angekwenda, lakini mzazi aliye kwa mama yake hatoki getini bila mama, na mama angeuliza dawa ya nini. Mchana Pokuaa alimkuta nyuma ya choo akinywa kikombe cha maji ya chumvi na ndimu, anakunja uso, anatapika.

"Unaumwa?"

"Tumbo tu. Usimwambie Mama."

Maame Birago aliona binti yake hataki chakula, akadhani anamlilia mume. Akaagiza konokono sokoni. Konokono wanne. Pokuaa aliyekuwa ameanza kulainika moyoni aliwaona wakichemka, na moyo ukarudi kuwa jiwe. Kumbe mtu akinuna hapa ndipo anapopikiwa, alijisemea. Na mimi nitanuna.

Jumatano baada ya masomo alikitoa kisanduku kwenye mkoba wake wa shule, nyuma ya tangi la maji. Alikuwa amekibeba ili ajaribu hereni mbele ya kioo kidogo cha Konadu. Alikata uzi kwa meno. Konadu alisogeza kichwa.

Ndani mlikuwa na karatasi nyembamba iliyokunjwa na kipande cha bati chenye kidonge kimoja cheupe.

"Makubwa," alisema Konadu. "Tangu lini hereni zinamezwa?"

"Labda ni ya kichwa."

"Ya kichwa ndiyo inafichwa hivi?" Konadu aliikunjua karatasi akaanza kusoma kwa kidole, kama mwalimu wao. "'Kwa kuzuia mimba isiyotarajiwa baada ya...' Eeh. Hii ni ile wanayoitangaza redioni. 'Meza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa sabini na mbili.' Dada yako kakutuma lini?"

"Jumatatu."

"Na leo?"

Pokuaa alikunjua vidole. Sabini na mbili ni siku tatu. Shemeji alilala kwao Jumamosi. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena akitumaini vidole vitatoa jibu jingine. Halafu akasikia sauti ya daktari, wazi kabisa, kama amesimama pale kwenye tangi: likivutwa mapema litafumuka, tunaweza tusimuwahi. Akaona tena zile chupa tatu za damu na midomo ya dada yake iliyokuwa na rangi ya majivu.

"Konadu," alisema, "nimemuua dada yangu."

"Usiseme hivyo. Si umpelekee?"

"Muda umepita."

"Basi kamuulize anayeuza. Mimi najua nini? Mimi najua kusoma tu."

Pokuaa alikimbia kutoka shule hadi stendi bila kusimama. Anti Gyamfua alikuwa anampimia mzee mmoja dawa ya kikohozi. Alipoona kisanduku mkononi mwa mtoto, kimefunguliwa, alimmalizia mzee haraka, akamtoa, akashusha pazia.

"Hiki kwa nini kiko hapa?"

Pokuaa alieleza. Hakupamba, hakupunguza. Alieleza mpaka kuhusu konokono, na hapo akaona mwenyewe lilivyo jambo la kipuuzi, akalia. Anti Gyamfua hakumpiga wala hakumkumbatia. Alikaa kwenye kiti chake akavua miwani.

"Lia baadaye," alisema. "Sasa jibu. Ni tangu Jumamosi usiku?"

"Nafikiri."

"Leo Jumatano jioni. Siku ya nne. Haya, nisikilize, maana utakachokisikia utamweleza dada yako mwenyewe. Mwanamke hutoa yai mara moja kwa mwezi. Kidonge hiki kinalichelewesha yai lisitoke, ili mbegu ya mwanamume ikifika isikute mwenyeji. Ndiyo maana kinatakiwa upesi. Yai likishatoka, kidonge kimechelewa, hakina la kufanya."

"Kama mimba imeshaingia, kitaiua?"

"Hapana. Watu wengi wanafikiri hivyo, na wanakosea. Mimba ikishatunga, hiki hakiitoi wala hakiidhuru. Kinazuia, hakitoi."

"Karatasi imesema siku tatu. Sasa haina maana?"

"Siku ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi. Baada ya siku tatu nguvu imepungua sana, ingawa mpaka ya tano inaweza ikasaidia kidogo. Lakini ipo njia nyingine." Alivaa miwani tena. "Hospitali wanaweka kitanzi cha shaba ndani ya mji wa mimba. Kikiwekwa ndani ya siku tano, kinazuia kuliko kidonge chochote, na kinaendelea kumlinda miaka. Siku ya tano ni kesho. Beba mkoba wako."

"Anti, utamwambia wewe?"

"Mimi? Mimi nilikosea kwa kuficha dawa kwenye kisanduku cha mapambo, nami nitalisema langu. La kwako utalisema wewe."

Walimkuta Dufie anamkanda mtoto tumbo kwenye mkeka, mama yuko jikoni anachambua kontomire, majani ya magimbi ya mboga. Pokuaa alisimama mlangoni. Njia nzima alikuwa ametunga maneno mazuri, na yote yalikuwa yamemkimbia.

"Anti hakwenda Kumasi," alisema. "Kitu chako nilikuwa nacho tangu Jumatatu. Nilidhani ni hereni."

Pokuaa alitamani atukanwe, lakini dada yake alisema tu, kwa sauti ndogo, "Nilikuuliza mara mbili, Pokuaa. Nilikuuliza nikiwa nalia."

Maame Birago alitokea na majani mkononi. "Nani analia? Gyamfua, karibu, mbona umefunga duka mapema?"

Hapo siri ikaisha, na kosa la kisanduku likasemwa nalo, maana Anti Gyamfua hakuwa na sauti ya siri hata alipotaka. Maame Birago alipoelewa kwamba mkwewe hakulala peke yake chumba cha nje, aliyatupa majani chini.

"Katika nyumba yangu? Nami niko matangani nalilia maiti ya watu?"

"Birago, huyo ni mumewe," alisema Anti Gyamfua.

"Ni mumewe, lakini desturi..."

"Desturi itasubiri, siku hazisubiri. Dufie, meza hii sasa. Ukitapika kabla ya saa mbili kuisha, nitumie mtu nikuletee kingine. Ukisikia kichefuchefu au kizunguzungu usiogope, huisha. Mtoto hakimdhuru, endelea kunyonyesha. Na kesho alfajiri tunakwenda hospitali kuuliza kitanzi."

"Jana nilikunywa maji ya chumvi," alisema Dufie. "Nilisikia kwamba yanasafisha."

"Yanasafisha koo, basi. Chumvi, ndimu, soda kali, majivu, kuruka kamba, yote hayo yanapoteza muda tu, na wewe muda ndio ulikuwa huna."

Maame Birago alikuwa bado anatweta. "Lakini anayenyonyesha hashiki mimba. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Anayenyonyesha hukingwa kama mtoto hana miezi sita, hajaonja kingine ila ziwa, usiku na mchana, na damu ya mwezi haijarudi. Huyu wako anakula uji na damu imerudi. Na wewe, Birago, Dufie na kaka yake wamepishana miezi kumi na moja. Nani alikuwa anakukanda? Si mimi?"

Maame Birago aliinama kuokota majani yake moja moja. Dufie alimeza kidonge kwa maji, na nyumba nzima ikakaa kutazama saa ya ukutani mpaka saa mbili zikaisha bila kutapika.

Alhamisi alfajiri walikwenda wote. Pokuaa aliruhusiwa kukosa shule kwa sababu mtu alihitajika kumshika mtoto. Alimbeba mgongoni, akamfunga kwa kitenge, akasimama kwenye foleni ya dirisha la uzazi wa mpango. Akina mama walikuwa wengi, muuguzi mmoja. Foleni ilijivuta kwa saa nyingi, na jua lilipofika utosini Pokuaa alishindwa kuvumilia. Aliwapita watu wote akasimama dirishani.

"Binti, rudi kwenye foleni," alisema muuguzi, ambaye kifuani pake palikuwa na jina Sista Tiwaa.

"Sista, dada yangu yuko siku ya tano. Alipasuliwa. Hatakiwi kushika mimba. Kosa ni langu, si lake."

Nyuma yake mama mmoja alisonya, lakini Sista Tiwaa aliinuka akachungulia mstari. "Siku ya tano ya nini hasa?" Alipoelezwa, alimwita Dufie mbele. "Mwingine mwenye dharura kama hii naye anyooshe mkono, sasa, si jioni," aliwaambia waliobaki. Msichana mmoja wa pembeni, mwenye macho yaliyovimba, alinyoosha mkono polepole. Sista Tiwaa alimchukua naye bila kumuuliza neno mbele za watu.

Dufie alipotoka alikuwa anatembea kwa uangalifu, amepewa kadi. Kitanzi kilikuwa kimewekwa. Sista Tiwaa alitoka naye mpaka kwenye benchi.

"Baada ya wiki tatu mrudi tupime," alisema. "Na hiki kitamlinda mpaka atakapotaka mwenyewe kukitoa." Kisha alimgeukia Pokuaa. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Basi hii si dawa yako, wewe ni mtoto, kazi yako ni daftari. Lakini kujua si kosa. Kidonge cha dharura ni cha dharura: njia imekosekana, au imeshindwa, au mtu ametendewa kwa nguvu. Huyo wa mwisho asikae na siri hata saa moja, aje hospitali siku hiyohiyo, maana ana mengine ya kukingwa, si mimba tu. Kidonge hakizuii ukimwi wala gonjwa lolote. Wala si cha kumeza kila wiki. Anayehitaji kinga kila siku, zipo njia za kila siku, aje achague."

Zile wiki tatu zilikuwa ndefu kuliko muhula. Dufie aliongea na Pokuaa maneno ya lazima tu: leta maji, shika mtoto. Hakumtuma popote. Akitaka kitu dukani alimwita Konadu, na Konadu alipita na sabuni ya Dufie mbele ya macho ya Pokuaa bila hata kumtania. Hapo ndipo Pokuaa alipoujua wivu wenyewe. Ule wa konokono ulikuwa mzaha. Huu ulikuwa wa kumwona mwenzio anaaminiwa kazi uliyokuwa unaaminiwa wewe, nawe unajua kwa nini. Kila jioni alimwangalia Dufie akijishika tumbo kwa wasiwasi, na chakula kikamshinda.

Siku ya kupima ilipofika, walikaa kwenye benchi lilelile. Dufie aliingia ndani. Alikawia. Alipotoka alikuwa amefunika uso kwa viganja, na Pokuaa aliinuka kumkimbilia; dada yake akaviondoa viganja, ikaonekana kwamba anacheka na kulia pamoja.

"Hamna," alisema. "Hamna kitu. Niko salama."

Maame Birago alimshukuru Mungu kwa sauti iliyogeuza vichwa vya foleni nzima. Pokuaa alikaa palepale, akalia kuliko siku ya tangi la maji.

Dufie alikaa karibu naye. "Unajua kwa nini nilikutuma wewe? Ningeweza kumtuma Konadu tangu mwanzo. Ningeweza kumtuma jirani. Nilikutuma wewe kwa sababu katika nyumba ile Mama alikuwa na watu wengi wa kuwaambia siri, mimi nilikuwa na mmoja."

Pokuaa hakuweza kuinua uso. "Nilidhani wewe ndiye mwenye kila kitu."

"Nilikuwa na konokono," alisema Dufie.

Maame Birago aliwatazama binti zake wawili, akakohoa. "Nami nina langu," alisema. "Nilimdanganya huyu kuhusu kunyonyesha kwa kuwa sikutaka kuuliza wanaojua. Nikamfanya aogope kuniambia jambo lake na mumewe. Na wewe Pokuaa nilikugeuza mtumishi bila hata kukushukuru. Hayo ni yangu na nitayarekebisha." Akamshika mtoto wake wa mwisho kidevu, akamwinua uso. "Lakini lako ni lako. Ukiona wivu umekushika, sema. Njoo uniambie, Mama nina wivu, nikupikie au nikugombeze, yote ni heri. Ukiuficha, utafanya kazi gizani, na hutajua umeharibu nini mpaka ufungue. Safari hii kosa lako lilipewa siku tano za kurekebishwa. Makosa mengi, mwanangu, hayapewi hata moja."

"Nimesikia, Mama," alisema Pokuaa.

Alimpokea mtoto kutoka kwa dada yake, akamfunga mgongoni, wakaanza kurudi nyumbani.